Tulivyoimba mwaka wa tetemeko

Kwaya yetu ilikuwa ya mtaa mmoja wa KKKT mjini Bukoba, lakini nusu ya kazi yake ilikuwa Muleba. Wengi wetu tulizaliwa huko, Kamachumu, Nshamba, Kagondo au vijiji vya kando ya ziwa, tukaja mjini kwa kazi au kwa ndoa. Mhaya anaweza kukaa mjini miaka arobaini, akajenga Rwamishenye au Kashai na kusomeshea watoto wake wote hapo. Akifa, anarudishwa kwenye kibanja cha kwao, akazikwe kati ya migomba na mikahawa pamoja na baba zake. Kwaya humfuata. Barabara ya kusini inayopita Kemondo hadi Muhutwe, kisha ama ikapanda Kamachumu ama ikanyooka kwenda Muleba, tuliijua kona kwa kona, na mara nyingi tuliipita tukiwa na jeneza mbele yetu.

Ninaandika juu ya mwaka 2016 kwa sababu ndio ulionionyesha kwaya ni kitu gani. Kabla ya hapo nilidhani ni kundi la watu wanaopenda kuimba. Tulipenda kuimba, hilo ni kweli, lakini kupenda peke yake kusingetufikisha Desemba.

Hapakuwa na mtu aliyelipwa. Mwalimu wa kwaya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumatano alikuja moja kwa moja kutoka darasani akiwa na vumbi la chaki kwenye mikono ya shati. Katibu wetu alikuwa fundi cherehani. Mhazini aliuza dagaa waliotoka mwaloni Nyamukazi. Katika soprano kulikuwa na muuguzi aliyepanga zamu zake kufuatana na mazoezi, na wasichana wawili wa sekondari. Kwenye teno kulikuwa na vijana wa bodaboda. Besi yetu ilisimama juu ya wazee wawili, mmoja wao mstaafu wa bandari, walioanza kuimba enzi za Askofu Josiah Kibira, yule mtoto wa Kashasha aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani. Mimi nilikuwa alto, nikisimama kushoto kwa bibi mmoja mwenye sikio kali kuliko sisi sote. Ukienda nje ya sauti alikugusa kiwiko bila kukutazama.

Mazoezi yalikuwa Jumatano na Jumamosi. Tulikuwa na katiba iliyoandikwa kwa mkono, na daftari la mahudhurio ambalo katibu alilifungua kabla ya sala ya kuanza. Aliyechelewa alilipa faini ya shilingi mia tano. Asiyefika bila taarifa aliulizwa sababu mbele ya wote. Vijana walilalamika kwamba lile daftari linatufanya watoto wa shule. Katibu alijibu kwa upole, "Waitu, kwaya ni mahudhurio kwanza," akaendelea kuandika.

Mwalimu aliandika wimbo mpya ubaoni kwa sol-fa, sauti nne moja juu ya nyingine. Alianza na besi, kwa kuwa nyumba huanzia msingi, kisha teno, alto, na soprano mwisho, maana soprano hushika upesi na upesi vilevile huanza kuongea. Wasiojua nota walirekodi sauti yao kwenye simu, wakaenda nayo sokoni na jikoni. Mwezi wa pili hata wateja wa katibu pale kwenye cherehani walikuwa wanajua alto ya wimbo wa Pasaka.

Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 27 Machi, mvua ikiwa imeshika. Bukoba hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania, kiasi cha milimita elfu mbili kwa mwaka, na kanisa letu lilikuwa na mabati yasiyo na dari. Mvua ikipiga kweli huwezi kumsikia jirani yako. Mwalimu alitufundisha kuimba ndani yake: alikataa kabisa tupaze sauti, akatutaka tutazamane vinywa na kufuata mkono wake mpaka mvua ipungue. Nilikuja kugundua kwamba ndivyo tulivyojifunza kuwa na pumzi moja. Asubuhi ya Pasaka mvua ilinyesha katikati ya "Mfurahini, Haleluya", na hakuna sauti iliyoachana na mwenzake.

Wimbo ule kwetu ni zaidi ya wimbo wa Pasaka. Mchungaji Bernard Kyamanywa aliuandika mwaka 1966 akiwa bado mwanafunzi wa theolojia kule Makumira, na maneno yake yanakwenda kwa mahadhi ya Kihaya. Leo umo katika kitabu cha nyimbo cha Walutheri wa Marekani. Wazee wetu wawili wa besi walikua wakati nyimbo nyingi za kanisani zilikuwa na mahadhi ya Kijerumani. Walituambia jinsi walivyojisikia walipoimba ufufuko kwa mwendo walioujua tangu utotoni. Ukiwatazama wakiuimba, miguu yao ilikuwa na kumbukumbu yake yenyewe.

Baada ya Pasaka zikaja safari za misiba. Sijui kama mtu wa mahali pengine anaweza kuelewa kazi hii inavyokuwa. Simu inapigwa usiku: baba wa fulani amefariki, mazishi kesho saa nane, Nshamba. Alfajiri mhazini anatafuta gari, anayeweza anaomba ruhusa kazini, na asiyeweza anatoa nauli ya mwenzake. Tunajibana kwenye Hiace na ngoma miguuni. Tukifika, nyasi zimeshatandazwa chini ya migomba, wanaume wamekaa upande wao, sufuria za ndizi na maharage ziko motoni nyuma ya nyumba. Mjini tuliimba kwa Kiswahili, lakini kwenye kibanja tuliimba Kihaya, kwa sababu waliokuwa wakilia walikuwa wanalia kwa Kihaya. Kazi ya kwaya pale haikuwa kupendeza. Ilikuwa kushika wimbo mahali ambapo wenye msiba hawawezi kuushika, kuanzia jeneza linapotoka ndani mpaka udongo wa mwisho.

Siku moja tukirudi kutoka mazishi, gari likiteremka kutoka Kamachumu kuelekea Muhutwe, yule bibi wa alto alianza kusimulia bila kuulizwa. Alikuwa binti mdogo katika kwaya ya kijijini kwao, Muleba, miaka ya themanini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, watu watatu, katika hospitali ya Ndolage, na miaka iliyofuata ugonjwa ulipita kwenye vibanja vya Kagera bila kuchagua. "Kulikuwa na wiki ambazo hatukufanya mazoezi hata mara moja," alisema. "Mazoezi yalikuwa makaburini. Tukimaliza hapa tunavuka bonde, tunaanza kule. Halafu tukaanza kuwazika waimbaji wenyewe. Teno ikabaki na mtu mmoja." Akanyamaza kidogo. "Yule mmoja alikuja kila Jumamosi. Tuliimba sauti nne, na moja yao ilikuwa mtu mmoja."

Hakuna aliyesema kitu mpaka Kemondo. Kijana wa bodaboda aliyelalamikia daftari la mahudhurio alikuwa amekaa mbele yangu, na tangu siku ile sikumsikia tena akililalamikia.

Mwezi wa tano ulitufikisha tarehe 21, Jumamosi, miaka ishirini tangu MV Bukoba izame. Kila familia ya mkoa huu ina habari yake ya meli ile. Iliondoka Bukoba jioni ya tarehe 20 Mei 1996, ikapita Kemondo kuchukua watu na ndizi, na asubuhi ikapinduka kabla ya kufika Mwanza. Walikufa mamia kwa mamia, wakiwamo watoto wa shule na wafanyabiashara. Sisi hatukuwa na sherehe kubwa. Tulifanya ibada ya jioni mtaani kwetu, na mwalimu alichagua nyimbo tatu tu.

Kabla ya wimbo wa pili mzee wetu wa besi, yule mstaafu wa bandari, aliomba ruhusa kusema. Tuliimba naye miaka mingi bila kujua kwamba jioni ile alikuwa kazini. Alisema aliwasaidia watu kupandisha mikungu, akamshika mkono mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ili asiteleze kwenye ngazi, akawatakia safari njema. Hakusema zaidi. Alirudi mahali pake, mwalimu akatoa sauti, na besi ikaingia kwa wakati wake. Nimeimba nyimbo nyingi maishani, lakini siku ile ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kuimba akiwa amebeba jambo la miaka ishirini, na akaimba sawasawa, kwa sababu wenzake wamesimama naye bega kwa bega.

Juni na Julai zilikuwa nyepesi. Kahawa ilikuwa imeiva, watu walikuwa na vijisenti, na sikukuu ya mavuno ilikuja na mnada wake kwenye uwanja wa kanisa: mikungu ya ndizi, kuku waliofungwa miguu, mayai, viroba vya kahawa. Sisi tuliimba kati ya mnada na mnada. Mkungu wa shilingi elfu nane ulinunuliwa, ukarudishwa, ukanunuliwa tena, mpaka ukaliletea kanisa mara tano ya bei yake. Kwaya nayo ilipewa sehemu, tukaiweka kwenye mfuko wa kinanda. Kinanda chetu kilikuwa cha kuazima na nota mbili zilikuwa zimekufa. Tulikuwa tumechanga tangu mwaka uliotangulia, na mhazini alisoma hesabu kila mwisho wa mwezi, tukapiga makofi.

Agosti tulikwenda Muleba kwa mashindano ya kwaya. Asiyewahi kuona mashindano haya asidhani ni mchezo. Kila kwaya inaimba wimbo wa lazima, uleule kwa wote, kisha wimbo wake wa hiari. Waamuzi wanakaa mbele na karatasi zao wakitoa alama za ulinganifu wa sauti, matamshi, mwendo, uingiaji jukwaani na sare. Katibu alikuwa amekesha kwenye cherehani wiki nzima, na tuliingia tukiwa na kitenge cha kijani, magauni ya akina mama na mashati ya akina baba kutoka jora moja. Wimbo wa hiari alitunga mwalimu mwenyewe, akauanzisha kwa solo inayofuata mwendo wa enanga, ala ya nyuzi ya wasimulizi wetu wa Kihaya, halafu kwaya ikajibu. Wazee waliokaa nyuma walisimama. Hatukushinda. Kwaya moja ya vijijini, isiyo na kinanda wala spika, ilituacha mbali, na haki ilikuwa yao: waliimba kama mtu mmoja. Tulirudi tukisema tukipata kinanda mwakani itakuwa zamu yetu.

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba, saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri, ardhi ilitikisika. Ilikuwa kabla ya mazoezi. Wachache tulikuwa tumeshafika kanisani, wengine walikuwa njiani, wengi walikuwa majumbani mwao wakijiandaa. Kwanza ulikuja mngurumo, nikadhani ni lori. Kisha mabenchi yakaanza kutembea. Mwalimu alipiga kelele, "Nje!" na tulipotoka ukuta wa nyuma ya madhabahu ulipasuka kutoka dirishani mpaka kwenye paa. Upande wa Hamugembe vumbi lilipanda kutoka kila mahali, na baada ya vumbi tukasikia vilio.

Lilikuwa tetemeko la kipimo cha 5.9. Lilikuja kuhesabiwa kuwa limeua watu 17 na kujeruhi zaidi ya 400. Maelfu ya nyumba zilianguka au kupata nyufa, hasa Bukoba na Missenyi, na shule za sekondari Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Lakini saa ile hakuna aliyejua hesabu hizo. Tulichokuwa nacho ni daftari la mahudhurio. Katibu alikuwa nalo mkononi, hakuliachia alipokimbia. Alikaa chini ya mwembe, akalifungua, akaanza jina la kwanza. Aliyepatikana kwa simu aliwekewa alama. Mtandao ulipogoma, vijana wa bodaboda walipewa majina na kutumwa: wewe Kashai, wewe Hamugembe, wewe Nyamukazi. Walirudi mmoja mmoja na habari. Lile daftari la faini ndilo lililotuambia nani bado. Giza lilipoingia kila jina lilikuwa na alama, isipokuwa la muuguzi, na habari yake ikaja usiku: yuko hospitali ya mkoa tangu dakika ya kwanza, anapokea majeruhi, ameshindwa kushika simu.

Hatukupoteza mwimbaji. Wanne walipoteza nyumba. Mama mzazi wa mhazini alivunjika mguu, ukuta ulipomwangukia akiwa jikoni. Usiku ule mji wote ulilala nje, kwa sababu ardhi ilikuwa bado inatetemeka kidogo kidogo na hakuna aliyeamini paa lake. Jumapili tulifanya ibada chini ya miti, kisha wengi wetu tukateremka Kaitaba, ambako miili iliagwa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwepo. Niliona pale waimbaji wa makanisa mengine, wengine bado wamevaa nguo walizolala nazo. Tulisalimiana kwa kichwa. Kila mmoja alijua mwenzake anakwenda kuzika wapi wiki ile.

Na tulikwenda. Wapo waliofia mjini na vibanja vyao viko Muleba, kwa hiyo barabara ya kusini ilitupokea tena, safari hii tukiwa na waimbaji wasio na mahali pa kulala. Hapo ndipo swali la mfuko wa kinanda lilipokuja.

Mkutano ulifanyika nje, kanisa likiwa limefungwa kwa nyufa zake. Mwenyekiti alipendekeza fedha yote inunue mabati, saruji na mbao kwa wale wanne. Mpiga gitaa wetu, kijana mwenye kipaji kweli, alipinga waziwazi. Alisema fedha ile ilitolewa na waumini kwa ajili ya kinanda, kwamba msaada wa nyumba utatoka serikalini, kwamba tukiimaliza hatutaipata tena kwa miaka. Hakusema kwa ubaya, na hoja yake ilikuwa na uzito. Wapo waliomwunga mkono, na mhazini mwenyewe, ambaye nyumba yake ilikuwa miongoni mwa zile nne, aliomba asipige kura. Ndipo bibi wa alto alipoinuka. "Mkiwa na kinanda," alisema, "na aliyesimama kulia kwako analala chini ya turubai, utaimba naye wimbo gani?" Kura zikapigwa. Mabati yalishinda. Mpiga gitaa na rafiki zake wawili walihamia kwaya nyingine kabla ya Novemba, na mpaka leo ninasikitika kwamba hatukujua namna ya kuwabakiza.

Oktoba tulifanya mazoezi tukiwa na mikono yenye saruji. Jumamosi ilianza asubuhi kwa kubeba mawe na maji, mafundi wakijenga, sisi tukisaidia, na saa kumi mwalimu alisimama kwenye rundo la mchanga, akatoa sauti. Hakukuwa na ubao wala kinanda. Tuliimba tulichokuwa nacho kichwani. Watu wa jirani walitoka kwenye maturubai yao wakaja kukaa, na baadhi yao, wasio Walutheri wala Wakristo, walikuja pia Jumamosi iliyofuata kusaidia kubeba mawe.

Novemba ikaja na senene. Yeyote aliyeishi Kagera anajua kwamba msimu huo hauna adabu na ratiba ya mtu. Mvua ikikatika usiku, wadudu wale wa kijani wanajaa kwenye taa, na mji mzima uko nje na ndoo na mifuko. Zamani wanawake walizikusanya na kuzichambua bila kuruhusiwa kuzila. Sasa kila mtu anazila, na kila mtu anaziuza. Mwalimu alisogeza mazoezi yakawa mapema, akijua hata besi yake ingekimbia. Waliopata nyingi walileta za kukaanga, tukazila wakati wa mapumziko. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Septemba kucheka pamoja kwa sauti.

Krismasi iliangukia Jumapili. Ndugu walikuwa wamerudi kutoka Dar es Salaam na Mwanza, wakilitazama kanisa letu lenye ukuta mpya usiopakwa rangi. Tuliimba bila kinanda, bila gitaa, kwa ngoma moja na sauti nne, na besi ya wale wazee wawili ikatubeba. Nilikumbuka ile kwaya ya vijijini iliyotushinda Agosti, nikaelewa walikuwa na nini. Hawakukosa kinanda. Walikuwa wamefika, wote, kila mara, kwa miaka mingi, kwenye mazoezi na kwenye mazishi ya wao kwa wao, mpaka sauti zao zikajuana.

Hicho ndicho ninachotaka kisisahaulike kuhusu mwaka ule. Kinanda tulikuja kukinunua, na ni kizuri. Tumerekodi, na wapo wanaotusikiliza kwenye simu zao mbali na hapa. Vijana huniuliza kama sauti zao zinafaa, kama ni lazima wajue nota, kama kuna majaribio ya kuingia. Nawaambia hakuna majaribio. Mazoezi ni Jumatano na Jumamosi. Sauti tutaitafuta pamoja na nota utafundishwa, lakini jina lako likishaandikwa kwenye daftari lile, kuna watu watakaokutegemea ufike.